Meza ya Tangi la Samaki Uliyoiunda Mwenyewe: Inapoyumba, Inapobonyea, Inapolowa

Kabla ya kupandisha tangi juu ya meza aliyoigonga kwa mikono yake, kila mtu huuliza swali lile lile: "Itabeba?" Mara nyingi jibu ni ndiyo. Mguu mmoja wa mbao ya inchi mbili kwa nne, wenye urefu wa sentimita 70 na uliosimama wima, hubeba mamia ya kilo, na meza ina miguu minne au zaidi. Ni nadra sana meza hizi kuvunjika na kuanguka chini. Zinayumba, zinajipinda pembe moja ikabaki chini ya nyingine, zinabonyea katikati, au zinalowa polepole kuanzia miguuni. Na anayeumia kwanza ni tangi. Mbao hukubali kupinda kidogo na maisha yakaendelea, lakini kioo hakikubali.

Kwa hiyo ukiona dalili, usikimbilie kuongeza skrubu. Jiulize kwanza meza imekosa nini: unyoofu wa juu, uimara wa kando, au ukavu.

Uzito unaoshughulika nao

Lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo cha unene wa milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Chukua tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50: maji yapo kama kilo 225, kioo kilo 55, changarawe ya sentimita tano kilo 40. Ongeza mawe, taa na mfuniko, unafika kilo 330 hivi. Huo ni uzito wa watu watano wazima waliokaa juu ya meza usiku na mchana, mwaka mzima, bila kushuka. Ndiyo maana kasoro ambayo kwenye meza ya kulia chakula usingeiona kamwe, hapa inajitokeza baada ya miezi mitatu.

Mambo ya kusimamisha kila kitu

Ukiona mojawapo ya haya, acha kusoma, zima umeme wa tangi na anza kupunguza maji:

– mguu au boriti imepasuka na ufa unaonekana kupanuka;
– kona ya tangi inatona maji, hata tone moja kwa dakika;
– meza imeegemea upande na mwinamo huo unaongezeka kadiri unavyotazama;
– maji yamefika kwenye soketi au ekstensheni. Hapa usiguse chochote chini ya meza. Kata umeme kwenye swichi kuu kwanza.

Kuna kanuni moja isiyo na msamaha: hakuna ukarabati wa meza unaofanywa tangi likiwa limejaa. Usiinue upande mmoja kwa jeki, usigonge kabari kwa nyundo chini ya mguu, usikokote meza hata sentimita mbili. Tangi lenye maji likiinuliwa pembe moja, viungo vyake vya silikoni hubeba msokoto ambao havikutengenezwa kuubeba. Hamisha samaki kwenye ndoo safi yenye maji yao ya zamani, weka pampu ya hewa na funika, kwa sababu samaki waliotishika huruka. Vifaa vya ndani ya chujio viweke kwenye ndoo nyingine ya maji ya tangi, iliyo wazi. Ukivifungia ndani ya chujio lililozimwa kwa saa nyingi, bakteria wanaosafisha maji hukosa oksijeni na kufa.

Dalili ya 1: Ukiisukuma, inayumba kushoto na kulia

Hii ndiyo namba moja. Meza inasimama vizuri, haina kelele, lakini ukiweka kiganja juu ya ubavu wake na kusukuma, sehemu ya juu inakwenda na miguu inabaki. Jaribio hili lifanye tangi likiwa tupu. Kama tayari limejaa, sukuma kwa ncha ya kidole tu na utazame uso wa maji.

Kisababishi cha kawaida kabisa ni kukosa ubao wa nyuma. Fremu ya mbao nne zilizoungwa pembeni ni kama mstatili wa njiti za kiberiti: kila kiungo kinageuka kuwa bawaba, hata ukiweka skrubu nne kila kona. Pembetatu haigeuki, na ubao mzima uliofungwa mgongoni hufanya kazi hiyo hiyo. Dawa yake ni kipande cha plaiwudi cha milimita 9 hadi 12 kinachofunika mgongo mzima, kikatiwa gundi na kufungwa kwa skrubu kila sentimita 15 kuzunguka ukingo. Kabla ya kukifunga, pima ulalo wa fremu kutoka kona hadi kona, kisha ule mwingine. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko mraba. Visipolingana, vuta kona zilizo mbali zaidi hadi vilingane, ndipo ufunge. Watu wengi hufunga plaiwudi juu ya fremu iliyokwenda tenge, na kuanzia hapo tenge hilo ni la kudumu.

Ubao wa nyuma unazuia kuyumba kwa kushoto na kulia. Hauzuii kwenda mbele na nyuma. Kwa hilo unahitaji plaiwudi ubavuni, au angalau ubao wa mshazari katika kila ubavu. Mtu akiniambia "nimeweka mgongo lakini bado inacheza", swali langu la kwanza ni: inacheza kuelekea wapi?

Kisababishi cha pili ni matundu ya mabomba. Ubao wa nyuma upo, lakini umekatwa dirisha kubwa la kupitishia mipira na nyaya hadi umebaki kama fremu ya picha. Acha mkanda mpana pande zote nne, sentimita 10 au zaidi, na badala ya dirisha moja kubwa toboa matundu mawili ya duara.

Cha tatu ni viungo vilivyolegea. Skrubu iliyoingizwa kwenye ncha ya mbao, yaani pale nyuzi zinapoishia, hushika kwa udhaifu kuliko ile iliyoingia ubavuni mwa nyuzi. Kuirudia kuikaza hakusaidii, kwa sababu tundu limeshaliwa. Toa, jaza kijiti chenye gundi, acha ikauke, toboa upya kando kidogo. Vyuma vya pembe vya L vinavyouzwa kwa bei rahisi vinasaidia kushikilia lakini havizuii kuyumba peke yake. Vikiwa ndicho kitu pekee kinachozuia, vitapinda.

Mwisho, inawezekana meza haina kosa na sakafu ndiyo inayotikisika. Mwombe mtu apite karibu kwa hatua za kawaida. Maji yakicheza kila akikanyaga wakati hakuna aliyegusa meza, tatizo liko chini. Kwenye sakafu ya mbao ya ghorofani, meza ikae karibu na ukuta unaobeba jengo na ikatize juu ya maboriti kadhaa ya sakafu, isilale sambamba juu ya boriti moja. Kwa tangi la zaidi ya kilo 300 kwenye sakafu ya namna hiyo, mwite mhandisi wa majengo. Hapo si kazi ya seremala tena.

Dalili ya 2: Maji yameinama upande mmoja

Unatazama mstari wa maji dhidi ya ukingo wa tangi na kuona upande wa kushoto uko juu kwa milimita nne. Watu huingia hofu kubwa hapa, ilhali ndiyo dalili inayohitaji kuelewa zaidi kuliko kuogopa.

Kuna kuinama na kuna kujipinda. Meza iliyoinama ni bapa, ila bapa lake zima limeelekea upande. Tangi limekaa juu yake bila msokoto, na tofauti ya kina cha maji kati ya kushoto na kulia ni ndogo mno kuisumbua silikoni. Milimita mbili tatu katika tangi la mita moja ni kero ya macho zaidi kuliko hatari, ingawa mimi mwenyewe singeiacha. Kuinama kuelekea mbele ni jambo zito zaidi, kwa sababu meza nyingi ni nyembamba na uzito unasogea kuelekea unakoangukia.

Kujipinda ni kitu kingine. Kona tatu zinakaa katika bapa moja na ya nne iko juu au chini. Hapo kioo cha chini kinalazimishwa kufuata umbo lisilo lake. Unaweza kuweka pimamaji mbele ukaona sawa, ukaweka nyuma ukaona sawa, na bado meza ikawa imejipinda, kwa kuwa pimamaji ni fupi na jicho lako lina huruma.

Tumia nyuzi mbili. Funga uzi kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, uukaze kweli. Funga wa pili kwenye kona zilizobaki, upite juu ya wa kwanza. Pale katikati zinapokutana, nyuzi zinapaswa kugusana kidogo tu. Kisha zibadilishe, wa chini uwe juu, utazame tena. Kama mara moja kuna mwanya na mara nyingine uzi mmoja unaubonyeza mwenzake, meza imejipinda, na nusu ya kosa unaiona kwa macho pale katikati. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote na hakidanganyi. Pimamaji lako nalo lipime: liweke, soma, kisha ligeuze nyuma mbele mahali palepale. Likisoma tofauti, limeharibika.

Visababishi, kwa mpangilio ninaoukuta: sakafu isiyo sawa, miguu iliyokatwa urefu tofauti, mbao zilizojisokota baada ya kuungwa, na mwisho mguu mmoja kutitia kwenye zulia au mkeka.

Sakafu rekebisha kwa kuweka kabari chini ya mguu, tangi likiwa limeondolewa. Kabari iwe ya plastiki ngumu au mbao ngumu, iingie chini ya mguu wote, si ncha tu. Usitumie kadibodi. Itakaa wiki moja vizuri, ikipata unyevu inakuwa uji. Na kabari ziende kati ya meza na sakafu, kamwe kati ya tangi na meza, kwa sababu huko unatengeneza nukta moja inayobeba kona nzima.

Mbao zilizojisokota ni habari mbaya kidogo. Chanzo chake ni kununua mbao mbichi. Mbao ikikauka hupungua, lakini haipungui sawasawa: kwa urefu karibu haipungui kabisa, kwa upana hupungua sana, na kuufuata mviringo wa gogo hupungua takriban mara mbili ya kuelekea katikati ya gogo. Tofauti hiyo ndiyo inayoisokota. Msokoto mdogo wa upande wa juu unaweza kuondolewa kwa randa, ukipima kwa nyuzi kila baada ya mapito machache. Ukizidi milimita tano, toa boriti hiyo uweke nyingine. Safari ijayo, panga mbao ndani ya chumba kitakachokaa meza, weka vijiti katikati ili hewa ipite, uziache wiki kadhaa kabla ya kukata.

Dalili ya 3: Mwanya kati ya tangi na meza

Kwanza tambua aina ya tangi lako, kwa sababu dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Tangi lenye fremu ya plastiki chini hukaa juu ya ukingo wake tu, na kioo cha chini kinaelea, hakigusi meza. Tangi lisilo na fremu hukaa juu ya kioo chenyewe, chote. La pili linahitaji ubao bapa kamili na juu yake bamba jembamba la sponji ngumu au stairofomu, la kumeza chembe za mchanga na mabonde madogo. La kwanza halihitaji bamba hilo. Ukiliwekea, ukingo unazama ndani ya sponji na sponji inapanda katikati ikisukuma kioo kilichokusudiwa kuelea. Kama tangi lilikuja na maelekezo ya mtengenezaji kuhusu jambo hili, hayo ndiyo ya kufuata.

Sasa mwanya uko wapi? Pitisha kipande cha karatasi, kisha kadi ya plastiki kama ya benki. Mwanya wa katikati ya upande mrefu, unaopitisha karatasi tu, kwa tangi lenye fremu si tatizo la haraka. Mwanya kwenye kona ni tatizo, hata uwe mdogo, kwa sababu kona ndipo uzito unaposhukia. Kadi ikipita kwenye kona, shusha maji.

Sababu nyepesi ziangalie mwanzo: punje ya changarawe, tone la gundi lililokauka, kichwa cha skrubu kilichochomoza, kibanzi. Nimewahi kukesha nikiranda ubao mzima kumbe kilichoinua tangi ni tone la vanishi lenye ukubwa wa punje ya mchele. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye nyuzi za Dalili ya 2. Usijaribu kuziba mwanya wa milimita tatu kwa kuongeza tabaka la pili la sponji. Sponji husawazisha vumbi na mikwaruzo, haiwezi kunyoosha meza iliyojipinda.

Dalili ya 4: Boriti ya mbele imebonyea katikati

Weka rula ndefu iliyonyooka au vuta uzi chini ya boriti ya juu. Kubonyea kwa milimita moja hivi kwenye meza ya mita 1.2 kunavumilika. Zaidi ya milimita mbili, au ikiwa unaongezeka mwezi hadi mwezi, tafuta chanzo. Tia alama ya penseli na tarehe kwenye mbao, la sivyo utabishana na kumbukumbu yako.

Chanzo kikuu ni mbao kulazwa ubavu. Hapa hesabu inasema yenyewe. Mbao ya milimita 38 kwa 89, ikisimama kwa ukingo wake mwembamba na kubeba nusu ya zile kilo 330 katika nafasi ya sentimita 112, inabonyea kama milimita moja na nusu. Ilaze, ile ile, mzigo ule ule: inabonyea milimita saba au nane. Hujaongeza wala kupunguza kitu, umeigeuza tu. Ugumu wa boriti hukua kwa kipeo cha tatu cha kimo chake (kimo mara kimo mara kimo), kwa hiyo kimo kikiongezeka maradufu ugumu unakuwa mara nane. Meza yangu ya kwanza ilikuwa na boriti zilizolazwa, nilitaka ionekane nyembamba na ya kisasa. Ilionekana kama machela.

Cha pili ni nafasi ndefu bila mguu wa katikati. Kwa mzigo ule ule kwa kila mita, nafasi ikiongezeka maradufu, kubonyea kunakuwa mara 16. Ndiyo maana meza ya tangi la sentimita 60 inasamehe karibu kila kosa na ya sentimita 150 haisamehi lolote.

Marekebisho: ongeza mguu wa katikati, mbele na nyuma, ukikatwa kwa urefu kamili ili uguse boriti juu na fremu ya chini au sakafu chini. Kama meza yako ni ya kabati na milango haikuruhusu mguu, ongeza boriti yenye kimo kikubwa, kwa mfano ya sentimita 14, ubavuni mwa ile ya zamani, kwa gundi na skrubu. Ncha za boriti hii mpya nazo zikae juu ya mbao.

Hili la mwisho ndilo linaloamua kama meza ni meza. Uzito ushuke mbao juu ya mbao hadi sakafuni. Boriti ikae juu ya kichwa cha mguu. Isiwe imebandikwa ubavuni mwa mguu na kuning'inia kwenye skrubu mbili. Kazi ya skrubu ni kuzuia vitu visiachane, na tangi lisiachiwe libebwe na skrubu. Kama meza yako imejengwa kwa kuning'iniza, kuna njia rahisi ya kuiokoa: kata vipande vya mbao vinavyoingia barabara chini ya boriti, vikisimama kutoka fremu ya chini, uvigundishe na kuvifunga ubavuni mwa kila mguu. Viingie kwa kubana kidogo, vikipwaya havibebi kitu.

Wanaotoa maji wakaona boriti imerudi kunyooka hufurahi mapema. Mbao inayobeba mzigo wa kudumu huendelea kutitia polepole kwa miezi, hasa penye unyevu. Ilivyo leo sivyo itakavyokuwa mwakani.

Dalili ya 5: Milango iliyokuwa inafunga vizuri sasa inakwama

Itazame kama kengele ya bure. Mlango ukikwama juu upande wa kitasa na mwanya ukafunguka upande wa pili, fremu imekwenda tenge: rudi Dalili ya 1. Ukikwama katikati ya ukingo wa juu, boriti imebonyea: Dalili ya 4. Ukikwama kote kuzunguka, mbao imefura kwa unyevu. Usiirande milango kabla ya kujua ni ipi kati ya hizo tatu, maana utakuwa umeivunja kengele.

Dalili ya 6: Maji chini ya meza, au mbao zimevimba

Kausha kila kitu kwa kitambaa. Tandaza karatasi laini nyeupe ndani ya kabati, chini ya kila kiungo cha bomba na chini ya kila kona ya tangi. Bandika kipande cha utepe kwenye kioo kuonyesha usawa wa maji. Ngoja saa kadhaa. Karatasi itakayolowa kwanza ndiyo shahidi wako.

Mara nyingi sana ni mwagiko wa siku ya kubadilisha maji ulioteleza nyuma ya meza usikouona. Baada ya hapo ni viungo vya mipira ya chujio na mpira wa muhuri wa kifuniko chake, ambao hukauka na kupata nyufa. Halafu mpira wa hewa: pampu ya hewa ikikaa chini ya usawa wa maji, umeme ukikatika maji hurudi kupitia mpira na kushuka ndani ya kabati. Weka vali ya kuzuia maji kurudi, au ipandishe pampu juu ya tangi. Kisha kuna jasho la kioo, pale maji yanapokuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Jasho huenea sawasawa kwenye kioo, halitokei sehemu moja. Uvujaji wa silikoni yenyewe huja mwisho kabisa, ingawa ndio kila mtu huuwazia kwanza.

Kutenganisha, zima chujio na funga vali zake. Usawa wa maji ukishuka tu wakati chujio linafanya kazi, tafuta kwenye mabomba. Ukishuka na karatasi zikalowa hata likiwa limezimwa, ni tangi. Ukishuka na karatasi zote zikabaki kavu, maji yanakwenda hewani kama mvuke na hakuna kilichoharibika. Silikoni ya tangi inayovuja haizibwi kwa kupaka nje. Mpelekee fundi wa matangi, au badilisha tangi.

Kuhusu mbao: MDF na chipubodi, yaani bodi za nyuzi au vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, zikishavimba hazirudi. Zikikauka hubaki zimefumuka na nguvu imekwisha, kwa hiyo usizipake rangi juu, toa. Plaiwudi ya kawaida hubanduka tabaka, ile ya matumizi ya nje au ya majini hustahimili zaidi. Mbao halisi iliyopasuliwa kutoka gogo ikilowa mara moja hukauka na kuendelea, mradi ipate hewa. Unyevu huingia zaidi kupitia ncha zilizokatwa, na ncha ya chini ya mguu ndiyo hukaa kwenye dimbwi bila mtu kujua. Ipake vanishi mara tatu nne kabla ya kuisimamisha, na iwekee kikalio cha plastiki.

Chomeka ncha ya bisibisi kwenye mbao iliyobadilika rangi. Ikizama kirahisi kama kwenye mkate, mbao imeoza na mguu huo haubebi unachodhani unabeba. Shusha tangi siku hiyo hiyo.

Nyaya ziache zining'inie kwa mkunjo chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye plagi. Ekstensheni ifungwe juu ukutani mwa kabati, kamwe isilale sakafuni. Saketi hiyo iwe na kikata-umeme cha miliampia 30 kinachoruka umeme unapovuja. Kama huna, hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Dalili ya 7: Nyufa na skrubu zenye kutu

Ufa mwembamba unaofuata nyuzi katikati ya mguu mnene kwa kawaida ni wa kukauka, na mguu bado unabeba. Ufa unaoanzia kwenye skrubu na kukimbilia ncha ya mbao umetokana na kutotoboa njia kwa keekee kabla ya kukaza. Toa skrubu, ingiza gundi kwenye ufa, bana kwa jiliwa, toboa upya mbali na ncha. Ufa wa kukatiza nyuzi, hasa karibu na fundo upande wa chini wa boriti, hautibiki. Badilisha boriti, tangi likiwa tupu.

Skrubu nyeusi za bodi za jasi ni ngumu lakini hukatika ghafla na hushika kutu haraka. Tumia za chuma kisichoshika kutu, hasa kwa tangi la maji ya chumvi, kwa kuwa chumvi hutambaa na matone na mwagiko hadi kwenye kila kichwa cha skrubu.

Dalili ya 8: Unga wa mbao au njia za udongo

Vitundu vya milimita moja au mbili na unga laini chini yake ni wadudu wanaobungua mbao. Njia za udongo zinazopanda mguuni ni mchwa. Bisibisi itakuonyesha wamefika wapi.

Usipulizie dawa. Viuatilifu vingi vya kupulizia vina permethrini au ndugu zake, na hizo huua samaki kwa kiasi kidogo mno, pamoja na kamba wa tangini. Tangi litoke chumbani kwanza, kisha mtaalamu wa wadudu aitwe na aambiwe wazi kwamba hapa kuna samaki. Mguu uliobunguliwa usitiwe dawa kisha ukarudishwa kazini. Badilisha.

Dalili ya 9: Milio

Mlio mmoja au miwili wakati wa kujaza mara ya kwanza ni viungo vinavyokaa mahali pake. Ndiyo maana tangi hujazwa kwa hatua: robo, pima kwa karatasi na uzi, nusu, pima tena, kisha lote, na kuachwa siku mbili bila samaki. Mlio unaojirudia baada ya hapo, au mlio mkali kama wa kijiti kukatika, ni amri ya kushusha maji kwanza na kuchunguza baadaye. Mvumo wa muda wote ni pampu inayogusa plaiwudi. Iweke juu ya kipande cha sponji.

Dalili ya 10: Umepaka rangi, na samaki wanahema juu ya maji

Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuipuliza ndani ya maji, pamoja na mvuke wa vanishi. Fungua madirisha, hamishia pampu chumba kingine kwa mpira mrefu, badilisha sehemu ya maji, weka mkaa wa chujio. Usiendelee na tabaka la pili la vanishi. Vanishi inayokauka kwa kugusa baada ya saa chache bado haijakomaa ndani. Ipe wiki mbili au zaidi hadi harufu iishe kabisa, vinginevyo hata sponji ya chini ya tangi itanata juu yake, na siku ya kuhamisha utaibandua pamoja na rangi.